Siku Niliyofunga Njia ya Samaki

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu, yenyewe sitaisahau. Ni siku niliyomtua mama wa watu kikapu chake kichwani kwa nguvu, mbele ya wanawake wenzake, nikadhani nimelitumikia taifa. Sogea karibu, sikio langu la kushoto halisikii vizuri siku hizi, nikueleze ilivyokuwa. Ni habari ya chakula, na ni habari ya ujinga wangu. Hizo mbili zilitembea pamoja.

Uhuru ulikuwa bado na harufu ya upya. Ujamaa umepamba moto. Tulikuwa tumetoka kwenye maboma yetu yaliyotawanyika mabondeni, tukajenga nyumba kwa mistari katika kijiji kimoja, upande ule wa Butiama unakoanza kuteremkia ziwani. Wengine walihama wakiimba, wengine wakinung'unika, lakini tulihama. Mimi nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la nane, na mwandiko wangu ulisifiwa. Wakanichagua kuwa katibu wa kijiji. Nilipewa faili moja, na kalamu mbili nikaziweka mfukoni mwa shati. Moja haikuwa na wino, lakini nilizivaa zote mbili kila siku, hata nikienda kuogesha ng'ombe.

Sasa sikiliza. Katikati ya njia, kati ya kijiji chetu na vijiji vya wavuvi kule kwenye rasi, kulikuwa na miamba mitatu mikubwa imeegemeana. Pale, kila Jumamosi asubuhi, wanawake walikuwa wanakutanaga. Wa kwetu walishuka na ulezi, mtama, karanga na kunde. Wa ziwani walipanda na samaki: furu waliokaushwa na kutungwa kwenye kamba, ningu waliopasuliwa na kubanikwa, kamongo wa vipande. Hapakuwa na mizani. Kulikuwa na kibuyu kilichokatwa, na kulikuwa na macho ya watu wanaojuana. Mwaka ambao mvua ilitutupa sisi, wao walijaza kikapu cha samaki wakapokea nusu kibuyu cha nafaka bila maneno. Mwaka ambao viboko walikula mihogo yao, sisi tulimimina ulezi mpaka ukafurika. Nani alimpunja nani? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Mama yangu alikuwa na rafiki yake pale. Aliitwa Nyanjura, mwanamke mfupi wa rasini, mwenye kicheko kilichosikika kabla hujamwona. Urafiki wao ulianza kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mtoto, kila Mama aliporudi kutoka miambani alikuwa na furu mmoja mnene amefungwa peke yake kwenye jani, ananiambia, "Huyu ametoka kwa mama yako wa ziwani." Nilimla bila kumwuliza Mama huyo Nyanjura ananijuaje. Mtoto haulizi shibe inatoka wapi.

Basi nikawa katibu. Nikaenda semina Musoma, siku tatu, tukafundishwa juu ya walanguzi wanaonyonya wakulima. Maneno yale yalikuwa ya kweli, mwanangu, na mpaka leo nayaheshimu. Walanguzi walikuwepo, na walituumiza. Lakini hakuna mtu kule semina aliyeniambia kwamba mlanguzi ni rafiki wa mama yangu. Hilo nilijitungia mwenyewe, ndani ya basi, nikirudi nyumbani.

Nikaitisha mkutano. Nikasema: kuanzia sasa kuuziana vyakula porini ni marufuku. Nafaka yote ya ziada itaingia ghala la kijiji. Samaki tutaletewa na lori kutoka Musoma, watauzwa katika duka letu la ushirika, kwa utaratibu, kama watu wa kisasa. Vijana walipiga makofi. Wanawake walikaa kimya. Mwenyekiti wetu, Mzee Mgaya, alikuwa mtu mpole asiyejua kusoma, nami nilikuwa nikimsomea barua zake. Alijikuna kidevu akasema tu, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Watu wakacheka. Mimi nikaandika kwamba mwenyekiti ameunga mkono.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe miambani na migambo wawili. Wanawake wa rasini hawakuwa na habari. Walikuwa wanapanda kwa mstari na vikapu kichwani, wakiimba, na wa mbele alikuwa Nyanjura.

"Mwanangu Wambura!" aliita kwa furaha. "Leo umetufuata mwenyewe? Mama yako mzima?"

"Mimi ni katibu," nikamwambia. "Shusheni vikapu. Biashara hii imefungwa."

Alidhani natania. Alicheka, akataka kupita. Ndipo nilipokishika kikapu chake, nikakitua chini kwa nguvu, kikapinduka. Wale ningu aliowabanika siku nzima wakatawanyika kwenye vumbi. Wimbo ukakatika. Mgambo mmoja aliangalia pembeni, nadhani aliona aibu kuliko mimi.

Nyanjura aliinama akaanza kuwaokota, mmoja mmoja, akiwapangusa kwa khanga yake. Hakulia, wala hakutukana. Alipomaliza akasimama akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu Katibu, sisi hapa hatuuzianagi. Tunalishana." Kisha akawageuza wenzake, wakateremka.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi na mkono pamoja. Lakini nilirudi kijijini kifua mbele.

Nilipoingia nyumbani Mama alikuwa anachambua kunde. Habari ilikuwa imekwisha kumfikia. Alichambua, akachambua, ungo mzima, bila kuniangalia. Jioni alinipa ugali na mlenda, akakaa na baba yangu upande wa pili wa uwanja. Tangu siku ile hakulitaja jina la rafiki yake. Nikadhani amekubali.

Mwaka wa kwanza haukutuumiza sana. Ghala lilijaa. Lori la samaki lilikuja mara chache mwanzoni, na watu wakapanga mstari dukani, nami nikasimama mlangoni na faili langu. Kisha masika yakaja, barabara ikawa matope, lori likaanza kuruka wiki. Siku lilipofika, samaki walikuwa wameoza, tukawafukia nyuma ya shule. Watu wakazoea ugali na majani ya maboga. Walizoea, mwanangu, kwa sababu mtu huzoea karibu kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwaka wa pili mvua ilikatika mtama ukiwa umefika magotini. Karanga hazikuzaa kitu. Kunde zikakauka na maua yake. Kilichobaki ni ulezi wa ghalani, na tuliupima kwa uangalifu. Njaa ya kufa hatukuipata. Lakini iko njaa nyingine isiyopiga kelele, inayomkuta mtu na tumbo limejaa ugali.

Mimi wakati huo nilikuwa na mke na mtoto wetu wa kwanza. Tulimwita Wegesa, kwa kuwa alizaliwa wakati wa mavuno. Alipoachishwa ziwa alikuwa mnene, anacheka na kila mtu. Baada ya miezi kadhaa akaacha kucheka. Nywele zake zikabadilika rangi, zikawa nyekundu nyekundu na laini kama za mahindi machanga. Miguu ikavimba. Mke wangu aliniambia mara mbili, nami mara mbili nilimjibu kwamba mtoto anaota meno. Mara ya tatu hakuniambia. Alimfunga mgongoni akatoka kwenda zahanati Butiama, nami nikamfuata nyuma nikiwa na baiskeli ya kijiji.

Mganga wa pale alikuwa kijana kama mimi. Alimbonyeza Wegesa mguuni kwa kidole, shimo likabaki. Akauliza, "Anakula nini?"

"Ugali na uji," mke wangu akajibu. "Na mboga za majani."

"Samaki? Maharage? Karanga? Maziwa?"

"Karanga hazikutoka. Ng'ombe wamekauka. Samaki hatuna."

Mganga akainua macho. "Hamna samaki? Ninyi mnatoka upande ule wa miambani, siyo? Watoto wa huko tulikuwa hatuwaonagi hapa kwa ugonjwa huu. Mama zao walikuwa wanawapondea samaki wakavu kwenye uji. Sasa huyu ni wa sita tangu kiangazi kianze. Nini kimetokea huko kwenu?"

Mke wangu alinigeukia. Aliniangalia tu. Mganga naye akageuka akaniangalia, akiniona mtu mwenye kalamu mbili mfukoni, akisubiri nimweleze.

Mwanangu, nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi na ndugu, lakini sijawahi kukaa kwenye benchi gumu kama lile. Watoto sita. Wote wa kijiji changu.

Tulipewa maziwa ya unga kidogo na maelezo mengi. Njiani nilimwomba mke wangu nimbebe mtoto, akanipa. Wegesa alikuwa mzito wa maji na mwepesi wa mwili. Sijui kama unanielewa. Usiombe uelewe.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Nikamwambia, "Mama, naomba uende kwa rafiki yako. Wewe anakupenda. Mwambie tufungue tena."

Mama alikuwa anatwanga. Aliuegemeza mchi ukutani, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi, akanijibu, "Mimi sikufunga kitu. Wewe uliifunga njia kwa mdomo wako. Nenda ukaifungue kwa miguu yako."

"Nitasema nini?"

"Utajua ukifika. Lakini usiende mikono mitupu." Akaingia ndani, akanitolea ulezi wake, ule aliokuwa ameuhifadhi kwa mbegu na kwa siku mbaya. Akaujaza kwenye kikapu kikubwa, akakata khanga kuukuu akasokota ngata. Nikamwomba nifunge mzigo kwenye baiskeli. Akasema, "Baiskeli ni ya katibu. Huko anakwenda mwanangu."

Basi nilitoka alfajiri, kikapu kichwani. Mwanaume na ngata kichwani, katibu wa kijiji, kwenye njia ile ile! Shingo iliniuma kabla sijafika miambani. Wachungaji waliniona wakashikana mabega kwa kicheko. Pale miambani nyasi zilikuwa zimefunika mahali wanawake walipokuwa wakikaa. Sikupumzika hapo. Nilishindwa.

Nilifika rasini jua limepanda. Nilimkuta Nyanjura ameketi mbele ya nyumba yake, amezungukwa na wajukuu, na katikati yao sinia la samaki. Samaki tupu. Mihogo yao ilikuwa imeoza shambani kwa ugonjwa, na unga wa dukani huko kwao nao ulikuwa hauji. Wale watoto walikuwa wanang'ata samaki polepole, bila hamu, kama mtu anayetafuna dawa. Kumbe, mwanangu, sisi tulikaa juu na ugali usio na kitoweo, wao wamekaa chini na kitoweo kisicho na ugali, na katikati yetu ni asubuhi moja tu ya kutembea. Na asubuhi ile niliifunga mimi.

Nilitua kikapu. Nikapiga magoti mbele yake, kwenye magamba ya samaki. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakayeyuka. Nikasema, "Mama, nimekuja. Mwanangu anaumwa. Nimekosa."

Alitazama kikapu, akatia mkono ndani ya ulezi, akauinua, akaunusa. "Huu ni wa mama yako," akasema. "Naujua. Kaupepeta yeye." Kisha macho yake yakajaa. "Mwenzangu yuko mzima?"

"Mzima. Hajalitaja jina lako tangu siku ile."

"Angelitajaje, na aibu yote hiyo?" Akamwita binti yake asage haraka. Na kabla hatujazungumza jambo lolote, kabla hajanilaumu wala kunisamehe, alisonga ugali. Tukala wote. Wale wajukuu walikula mpaka wakalala pale pale kwenye mkeka. Nilikula huku nalia, naye akajifanya haoni. Mara akaangua kile kicheko chake: "Lakini baba, hiyo ngata ulifungiwa na nani? Imekaa kama kofia ya askari!"

Ndivyo alivyonisamehe. Lakini kusamehewa na kusahihisha ni vitu viwili. Jua lilipopungua alinishika mkono akaniambia, "Mimi sina neno na wewe. Wewe ndiye mtoto niliyekuwa namfungia furu kwenye jani. Lakini wenzangu wanaogopa. Uliwaaibisha hadharani, na dawa yake iwe hadharani. Jumamosi njoo miambani, bila hao migambo wako. Uwaambie kwa kinywa chako."

Alinifungia samaki kikapu kizima. Sehemu nilipeleka nyumbani, sehemu kwa wale mama wengine watano ambao watoto wao walikuwa wamefikishwa zahanati. Nilibisha hodi kila mlango. Mmoja aliwapokea samaki, akafunga mlango bila kunishukuru. Alikuwa na haki.

Kisha nikaenda kwa Mzee Mgaya. Nilimweleza yote, nikamwambia nipo tayari kuacha ukatibu. Akajikuna kidevu. "Tukikutoa wewe uliyekwisha kujikwaa, tutaweka mwingine ambaye hajajikwaa bado," akasema. "Itisha mkutano. Na safari hii uandike wanawake wanasema nini." Nikaitisha. Wanawake walisema, mwanangu! Walisema mpaka wino wa ile kalamu moja ukaisha.

Tulikubaliana jambo rahisi. Duka lilete vile ambavyo mikono yetu haiwezi kutengeneza: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, majembe. Chakula kipite kwanza miambani, kati yetu na jirani zetu, na kitakachozidi ndicho kiende mbali. Na shamba la ujamaa, lililokuwa pamba tupu, tukalikata sehemu, tukapanda kunde, mtama na mihogo.

Jumamosi ile nilisimama pale kwenye miamba, bila kalamu hata moja, nikawaomba radhi wanawake wa pande zote mbili. Wa kwetu walikuja wengi. Wa rasini walikuja wachache, wanane hivi. Wengine walikuwa wamekwisha kupata njia nyingine ya kwenda mjini, hawakurudi tena maisha yao yote. Nisikudanganye kwamba kila nilichovunja kilirekebishika. Ilichukua misimu kadhaa kabla pale miambani hapajasikika wimbo. Lakini Mama na Nyanjura walipoonana, walikumbatiana wakayumba kama walevi, kisha wakaketi wakawageuzia wengine migongo, wakaongea mpaka jua la mchana. Hawakubadilishana kitu chochote siku hiyo. Walisahau.

Wegesa alipona. Ilichukua muda. Siku alipocheka tena alikuwa ameshika kichwa cha samaki mkononi na uji mpaka masikioni. Watoto wengine wanne walipona pia. Mmoja, mtoto wa yule mama aliyefunga mlango, hakupona. Tulimzika sisi sote, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliochimba. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu amekua, na bado nakaa naye.

Sasa mwanangu, nikuambie kwa nini nimekupotezea muda wako wote huu. Nasikia mna mipango mizuri ya kijiji, ninyi vijana mliosoma. Mnasema mtaleta soko, mtaleta mbegu, mtaleta magari yapeleke mazao mbali. Leteni. Sisemi mkae kama tulivyokaa sisi. Wala sisemi Ujamaa ulikuwa kosa. Wale wanawake pale miambani ndio waliokuwa wajamaa wa kweli. Mimi nilikuwa na neno lake tu, wao walikuwa na ujamaa wenyewe.

Ninachokuomba ni hiki. Kabla hujaanzisha kitu, tembea kwanza uone watu wanakula nini, na kimetoka kwa nani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mlishe jirani yako kabla hujamlisha mtu wa mbali usiyemjua, na ukubali kulishwa naye, maana shamba lako peke yake halimtoshi mtoto wako hata lifurike. Panda kinacholiwa hapa, hata kama ni safu chache, pembeni mwa kile kinachouzwa. Waulize wanawake, wao ndio wanaojua chungu kimepungukiwa nini. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usiwatume watu wengine wakakuombee msamaha. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, na usiende mikono mitupu.

Nenda sasa, mama yako anakuita. Mungu wa ziwa na wa vilima akutangulie. Mvua ikukute umekwisha kulima. Mlango wako usikose wa kuubisha, na anayebisha akukute na kitu cha kumpa. Na watoto utakaowazaa, mwanangu, wakue wakijua majina ya watu wanaowalisha.